Baba ameniachia kihamba chote, dada yangu aliyemtunza hana hata kipande

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwanaume wa miaka 41, Mchaga wa Kibosho, naishi na kufanya kazi Dar es Salaam. Nina mke na watoto wawili wa kiume. Kwetu tulizaliwa wanne: kaka yetu mkubwa, dada wawili, na mimi kitinda mimba. Dada mmoja ameolewa Same na anaendelea vizuri na maisha yake. Leo nakuandikia habari za yule mwingine, niliyepokezana naye ziwa la mama.

Dada huyu aliolewa Arusha. Ndoa ikavunjika vibaya, akarudi nyumbani na watoto wake wawili wakiwa bado wadogo. Tangu hapo yeye ndiye mikono ya nyumba ile. Mama alipougua kisukari hadi akakatwa mguu, dada ndiye aliyemuogesha, akambeba, akalala naye hospitali. Sisi wengine tulikuwa tunatuma pesa. Mama alipofariki tulimzika pale pale kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, nyuma ya nyumba. Sasa baba ana miaka 82 na macho yake yamefifia. Dada anakata majani ya ng'ombe, anakamua, anampikia mtori, anampeleka kliniki, na ndizi zikikomaa anazishusha sokoni.

Kihamba chetu ni kama eka moja na nusu. Ni migomba na kahawa ya tangu enzi za babu. Miaka kadhaa iliyopita dada alimwomba baba ang'oe kahawa iliyozeeka upande wa karibu na mfereji, apande miparachichi. Baba alikubali. Miche alinunua dada kwa fedha zake, na sasa imeanza kuzaa vizuri.

Krismasi iliyopita tulipanda nyumbani wote kama kawaida. Siku mbili baada ya sikukuu baba akaita kikao: baba zangu wadogo wawili, kaka na mimi. Akasema shamba la tambarare ni la kaka, ambaye analilima tayari, na kihamba na nyumba ni vya kitinda mimba, kama yeye alivyopewa na baba yake. Baba mdogo mmoja akauliza, "Na huyu binti?" Baba akajibu: "Atakaa hapa mpaka mwisho wa siku zake, hakuna wa kumfukuza. Lakini kihamba hakigawiwi mwanamke. Ukimpa leo, kesho ni cha watu wengine."

Mama mshauri, dada alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka tulipokaa. Alisikia yote. Akaja na mbege, pombe yetu ya ndizi, akampa kila mtu, akarudi jikoni bila neno.

Jioni nikamfuata baba. Nikamwambia dada ametutunzia wazazi, tumkatie japo kipande. Hakunipa nafasi ya kumaliza. Akasema, "Mjini mmejifunza kila kitu isipokuwa kwenu." Tangu siku hiyo nikipiga simu anasalimia, kisha anamrudishia dada simu.

Kaka anasema nisivunje tulichokikuta. Mke wangu, ambaye si mtu mbaya, anauliza kwa nini nigawe urithi wa wanangu kwa watoto wenye ukoo wao kwa baba yao. Rafiki yangu mmoja anasema nimsaidie dada aende kwenye vyombo vya sheria, kwamba sheria iko upande wake. Mimi nimefikiria njia nyingine: ninyamaze, nikubali kila kitu, na siku baba akiondoka nimkatie dada nusu. Hapo baba atakuwa amekwenda na amani yake na dada atakuwa amepata haki yake.

Lakini silali. Kwetu neno la mzazi mwenye umri ule si la kuchezea, naogopa kumuudhi kisha aondoke akiwa na kinyongo na mimi. Tena naona aibu kumtazama dada. Desemba hii baba anataka ukoo ukutane, achinje na kunikabidhi mipaka mbele ya wazee. Mtu unafanyaje na mzee ambaye hataki kabisa kusikia mabadiliko?

Kitinda mimba, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimesimama pale dada yako anapoingia na mbege. Ninaamini ndipo unaposimama wewe pia usiku ukikosa usingizi. Watu wengi huniandikia wakilalamikia mila iliyowanyima kitu. Wewe mila imekupa, na bado moyo wako unakataa kutulia. Hilo linanionyesha kuwa wazazi wako walilea vizuri, baba yako akiwemo.

Niliseme tatizo lako kama ninavyolielewa, unisahihishe nikikosea. Unampenda baba yako na unataka baraka yake. Unampenda dada yako na unaona amedhulumiwa. Umejikuta katikati, ukiamini kwamba kumridhisha mmoja ni kumwumiza mwingine, na kwamba kifo cha baba ndicho kitakachokufungua. Hiyo imani ya mwisho ndiyo inayonitia hofu zaidi. Nitairudia.

Kwanza, baba yako. Unasema hataki kabisa kusikia mabadiliko. Mwanangu, hebu soma tena barua yako mwenyewe. Mzee wa Kibosho ameruhusu kahawa ya baba yake ing'olewe, apandiwe miparachichi. Unajua kahawa ilivyo kwa wazee wa rika lake: ndiyo iliyowasomesha na kuwaezekea mabati, na chama cha ushirika cha KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933, kilikuwa fahari ya mlima mzima. Hata hiyo kahawa ililetwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Kuna babu wa babu yako aliyeambiwa apande mti asioujua katikati ya migomba ya wazee wake, naye akaupanda. Kihamba kimebadilika mara nyingi mikononi mwa watu walioshika mila kwa nguvu kama baba yako. Kwa hiyo mimi sioni mtu anayekataa kila jipya. Naona mtu anayekubali mengi na kukataa jambo moja, na ningependa tujue kwa nini hilo moja.

Kuna jambo jingine katika miparachichi ile ambalo huenda limekupita. Vijijini kwetu, aliyeazimwa ardhi huruhusiwa kupanda maharage na mahindi, hapandi mti. Mti wa kudumu ni dai la ardhi, na kila mzee analijua hilo. Baba yako alimruhusu binti yake apande miti itakayozaa kwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka, kwa fedha za binti, upande wa mfereji ambao bila shaka si upande mbovu. Labda alikuwa anafikiria maparachichi tu. Lakini labda alikuwa amesema kwa vitendo jambo asiloweza kulitamka mbele ya wadogo zake. Sijui, na wewe hujui, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Ulipomfuata jioni ile ulimwomba akate kipande, saa chache tu baada ya kutoa neno lake mbele ya ukoo. Mzee gani angelirudisha neno lake jioni ile ile, kwa ombi la mwanawe wa mwisho?

Sikiliza alichokisema: "Ukimpa leo, kesho ni cha watu wengine." Hiyo ni hofu, tena ina msingi. Kwenye vihamba vya siku hizi mtu ananunua kipande, anajenga ukuta, na kaburi la bibi ya mtu linabaki upande wa pili wa ukuta huo. Mama yenu amelala pale, na baba yenu anatarajia kulala kando yake. Anajiuliza nani atapalilia makaburi yao na nani atawazuia wageni wasijenge juu yao. Mila aliyoikuta ilimjibu kwa kusema apewe mtoto wa kiume, kwa sababu enzi hizo binti alikwenda kuishi kwa watu na wa kiume alibaki. Leo kwenu aliyekwenda ni wewe, na aliyebaki ni binti. Wanaume nao huuza. Nina hakika hata pale kwenu anajulikana kijana wa kiume aliyeuza kihamba cha wazee kwa fedha za haraka. Ukiwa na baba yako peke yenu, pengine asubuhi kabla jua halijapanda, ungeweza kumuuliza kwa upole: Baba, unaogopa nini kitatokea kwa kihamba hiki? Na mimi nikikiuza, je? Kisha unyamaze, umwache aseme hata akichukua muda mrefu.

Huenda asikujibu. Umesema ukipiga anamrudishia dada yako simu. Katika koo nyingi kuna mtu ambaye mzee humsikiliza bila kuona anapingwa: dada yake, yaani shangazi yenu kama bado yupo, au rafiki aliyekua naye, au padri aliyemzika mama yenu. Angalia tu usije ukamtuma mtu huyo akamwambie "mwanao ana haki kisheria". Apeleke swali, asipeleke hoja. Na chunga sana baba zako wadogo wasisikie kwamba unamzungukia kaka yao, kwa maana mzee akiaibishwa mbele ya wadogo zake atajifunga, na pengine hatafunguka tena.

Sasa dada yako. Mwanangu, katika barua nzima hujaniandikia neno hata moja lililotoka mdomoni mwake. Umeniambia alivyofanya kazi, alivyonyamaza, unavyoona aibu kumtazama. Hujaniambia anataka nini. Huenda anataka nusu. Huenda anataka ile sehemu ya miparachichi tu, na chumba chenye mlango wake, na uhakika kwamba wanawe hawatafukuzwa siku akifa. Huenda hataki ardhi kabisa na anachotamani ni baba amwite mbele ya wale wanaume na kumshukuru. Huenda pia ana hasira na wewe uliyekuwa umekaa kwenye kile kikao. Uwe tayari kwa hilo. Usimuulize kwa simu huku baba amekaa kando yake, wala kwa ujumbe. Panda umfuate, au mtafutie nauli aje kwako siku mbili na dada yenu wa Same abaki na mzee. Naye pia ni mtoto wa nyumba ile, na sijaona kama kuna aliyemuuliza lolote.

Nije kwenye mpango wako wa kunyamaza. Naelewa kwa nini unakuvutia: haukuhitaji ugombane na mtu yeyote. Lakini utazame vizuri. Unategemea wewe utaishi kuliko baba yako, na barabara ya Dar hadi Moshi tunaijua. Ukitangulia wewe, kihamba kinahesabiwa kuwa chako, na watakaoketi kuamua ni mke wako, kaka yako na baba zako wadogo. Wote umeniambia msimamo wao, au umenionyesha. Ahadi uliyoiweka moyoni haina shahidi, na dada yako mwenyewe haijui. Anaendelea kupalilia akiamini hana kitu. Tena ukikubali kukabidhiwa mbele ya wazee, masale, ile mimea ya kuonyesha mipaka, yakapandwa, nyama ikaliwa, kisha ukaja kugeuza baada ya mazishi, ukoo utasema ulimdanganya mzee akiwa hai. Unaogopa kinyongo cha baba. Jiulize kama utaweza kuishi ukijua ulimwitikia "ndiyo baba" huku moyoni ukisema hapana. Wapo wanaoweza, na siwalaumu. Wewe umeshaniambia hulali, na hata kikao hicho bado.

Rafiki yako aliyezungumzia sheria hajakosea. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinasema kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili kwa kiasi hicho. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza iliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, akaiuza, na jamaa wa ukoo akapinga. Jaji Mwalusanya aliona kwamba kumzuia mwanamke kuuza huku mwanaume akiruhusiwa ni ubaguzi unaokwenda kinyume na haki zilizomo kwenye Katiba. Lakini ujue pia kwamba kwenye mirathi mambo hayajanyooka hivyo. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 ziliwaweka mabinti daraja la tatu, la mwisho, katika urithi, na kwenye ardhi ya ukoo ziliwapa kutumia tu bila kuuza, isipokuwa ukoo ukikosa wanaume. Familia nyingi bado zinaburutana mahakamani juu ya mambo haya haya. Na shauri la mirathi hufunguliwa mtu akishakufa. Dada yako ataingia mahakamani akiwa ametoka kuzika, dhidi ya kaka zake wa tumbo moja. Haki anayo. Gharama yake, ya fedha na ya undugu, ataibeba yeye, kwa hiyo uamuzi huo ni wake, usimfanyie wewe wala rafiki yako. Akitaka kujua zaidi, wasaidizi wa kisheria wapo, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kuwauliza hakumfungi kufungua kesi.

Mimi nguvu ya sheria naiona zaidi wakati mzee angali hai. Baba yako anaweza kugawa mwenyewe. Kama eneo lenu bado ni ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji inaweza kuombwa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la dada yako kwa sehemu yake, au kwa majina yenu wote wawili kwa pamoja. Anaweza kuandika wosia, mashahidi wakiwa watu wa ukoo na wasio wa ukoo, na kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Humo anaweza kuweka hofu zake zote: makaburi yasiguswe, asiuziwe mtu wa nje kabla watoto wake wote hawajaulizwa, na sharti hilo limbane kitinda mimba kama linavyombana binti. Mzee anayeogopa kihamba kupotea anaweza kuona kwamba kwa njia hiyo kinalindwa kuliko kumwachia mtu mmoja anayeishi Dar. Kila njia ina shida yake. Hati ya pamoja inataka muelewane ninyi na wenzi wenu na wanenu, na watoto wenu wakikua wanaweza kuvutana. Kukata vipande kwenye eka moja na nusu kunapunguza kitu ambacho tayari ni kidogo. Na lile neno la baba, kwamba dada akae mpaka mwisho wa siku zake, lina wema wake wa zamani, maana binti aliyerudi nyumbani hakufukuzwa. Lakini wanawe je? Asubuhi baada ya mazishi ya mama yao watakuwa wageni kwenye miparachichi aliyoipanda. Kama baba atashikilia neno hilo, basi angalau miti na nyumba yake iandikwe kuwa ni mali yake na warithi wake.

Kuna pia njia ya kukataa waziwazi kupokea, Desemba, mbele ya wote. Vijana wengi wangeiona ni ya kishujaa. Mimi naiogopa kidogo, kwa sababu usipopokea wewe, mzee anaweza kumgeukia kaka yako au mtoto wa baba mdogo, na huyo hatakuwa na usiku wa kukosa usingizi juu ya dada yako. Afadhali pengine kuomba kikao kiahirishwe, useme bado una mambo ya kuongea na baba. Kuahirisha nako kuna hatari, ana miaka 82.

Mkeo usimwache nje ya haya. Anawatetea wanawe, kama dada yako anavyowatetea wake. Lakini anapouliza kuhusu watoto wenye ukoo wao, mwulize naye: kwao ana sehemu gani? Kaka zake walipogawana, yeye alipewa nini? Usimuulize ili kumshinda. Muulize kwa sababu inawezekana hajawahi kuulizwa na mtu yeyote, na jibu lake linaweza kuwashangaza wote wawili. Nawe pia mwambie ukweli: je, wanao watalima kihamba kile? Kama ndiyo, hilo nalo lina uzito, na dada yako anastahili kulijua mapema.

Ningekuwa karibu nawe ningekusindikiza stendi. Panda kabla ya Desemba, wikiendi ya kawaida isiyo na mbege wala wageni. Anza na dada. Kata naye majani ya ng'ombe asubuhi mkiwa mnaongea, umwambie ulisikia alichokisikia. Baba muachie jioni, na usiku huo usimwombe kitu, muulize tu kuhusu baba yake, siku alipokabidhiwa kihamba, nani alikuwepo na nani hakupewa. Nina hamu ya kujua atakujibu nini kuhusu dada zake.